Uduvi Juu ya Alama ya Kutoa

Madam Perpetua, akisahihisha mtihani wa hesabu, alifika karatasi ya tano akaweka kalamu chini. Swali la mwisho lilikuwa jepesi: zidisha mabano, (x + 4)(2x − 5), kisha panga polinomia kuanzia kipeo kikubwa. Jibu ni 2x² + 3x − 20. Karatasi zote tano zilisema jumlisha ishirini, tena bila hata mstari mmoja wa kuonyesha njia.

Akapekua zilizobaki. Zote pamoja, karatasi thelathini na moja zilisema jumlisha ishirini. Ni Liwliwa peke yake, binti wa muuza chumvi, aliyezidisha hatua kwa hatua mpaka akafika kwenye kutoa ishirini. Nafasi ya kwenda shule ya sayansi ya mkoa ilikuwa moja tu, na mpwa wa mwalimu mkuu alikuwa akiitolea macho.

Njia ya mwongo ni fupi. Perpetua alitoa karatasi yake ya majibu, ile iliyolala siku mbili mezani kwa mwalimu mkuu. Ilinuka. Mwalimu mkuu, Sir Quirante, hali embe bichi bila bagoong, uduvi uliovundikwa kwa chumvi, na kunawa hanawi. Uduvi mmoja ulikuwa umekaukia wima juu ya alama ya kutoa, ukaigeuza ya kujumlisha. Majibu yalikuwa yamevuja kupitia kwa mpwa, na darasa zima isipokuwa Liwliwa lilikuwa limenakili makombo ya mlo wa mtu.

Akamfuata ofisini. Alikuwa anakula tena.

“Nasikia Liwliwa kakosa lile swali la mwisho,” alisema mwalimu mkuu, huku akilamba vidole. “Maskini.”

“Umesikia kwa nani, Sir? Mimi sijamaliza kusahihisha.”

Quirante alitafuna kwanza. “Majibu uliandika mwenyewe, Madam. Sahihisha kwa hayo, yaishe.”

“Sawa. Tuyasome wote basi.”

Perpetua aliitandaza karatasi ya majibu mezani, akaubandua ule uduvi kwa ukucha, akauweka ukingoni mwa sahani ya Quirante. Kwenye karatasi ikabaki alama ya kutoa, safi, na doa la mafuta pembeni.

“Huo wako, Sir. Uliusahau.”

Mkono wa Quirante uliokuwa ukielekea kwenye embe ulirudi mapajani.

“Sasa yule mtoto wa dada yangu nimwambieje?”

“Mwambie azidishe.”