Gyebi Hakusikia Kengele

Katika kanisa la Mchungaji Adofo, pale mjini kwa wachimba dhahabu, watu huomba wote kwa pamoja, kila mtu na lake, kwa sauti ya kupasua bati, mpaka mchungaji apige kengele. Kwenye makelele hayo hata jirani yako hajui unamwambia Mungu nini, ndiyo maana Gyebi akapachagua. Dhambi ilikuwa imemkaa kooni. Hali akashiba, halali akapumzika.

Jumapili hiyo akapiga magoti, akafumba macho, akalia na kupayuka mpaka masikio yakaziba. Kengele ikalia. Kanisa zima kimya. Yeye, masikini, hakusikia.

"Baba, nisamehe! Opare hakufukiwa na shimo kama nilivyowaambia watu! Nilimpiga sururu ya kisogo, kwa tamaa ya dhahabu! Akaniita ndugu yangu, nikampiga tena!"

Alipofumbua macho, wote walikuwa wanamtazama.

Larbi, mdogo wake Opare, alinyanyua benchi akamshushia nalo. Meno yakamwagika sakafuni. Wengine wakamrukia kwa mateke, mbavu zikalia.

"Kwenye msiba ulilia kuliko sisi, mshenzi wewe!" Larbi akafoka.

Mchungaji alipiga kengele weee, nani amsikilize? Larbi akachomoa kisu. Gyebi akajua amekwisha.

Ndipo Maame Dufie, mama yao Opare na Larbi, alipopenya katikati. Akamzaba Gyebi kofi la nguvu zake zote, kisha akageuka akakikabili kile kisu.

"Mwacheni amalize kuomba."

"Mama, toka!"

"Nimesema amalize! Wewe Gyebi, mwanangu uliniwekea wapi?"

"Ng'ambo ya mto, Maame, chini ya mkakao uliokauka," Gyebi akasema, damu ikimtoka mdomoni. "Nitakuonyesha. Sijifichi tena." Na kweli, hofu ilikuwa imemtoka. Alitaka kuishi, jamani, alitaka mno, lakini si kama alivyokuwa akiishi.

"Akishatuonyesha namchinja," Larbi akasema.

"Akishatuonyesha anakwenda polisi, aseme haya haya. Na siku akitoka jela aje anilimie mihogo, maana aliyekuwa ananilimia amemuua." Sauti ikamkatika. "Kwa hiyo mikono yake usiiguse, Larbi. Nitaihitaji."

Larbi akaanza kulia kama mtoto.

"Nitalima, Maame," Gyebi akasema. Akajishika ukutani, akasimama.