Mstari wa Macho Mekundu

"Futa huo mstari."

"Sifuti."

"Mwalimu, futa. Hauna hata vina."

"Tangu lini unajali vina, Ngusa? Hayo mengine yote umeyachekelea, hili ndiyo limekuchoma?"

Darasa la sita wakacheka. Mimi ndiye nilitaka ufutwe, na Mwalimu Zipora alikuwa amesimama mbele ya ubao kama golikipa.

Aliniita mwenyewe. Mimi shule niliacha kidato cha pili nikakimbilia machimbo, lakini hapa Runzewe kila mtu anajua natunga. Akasema njoo, nataka watoto wajifunze kuukataa ubaguzi kwa kutunga nyimbo yao. Kila mtoto aandike kwenye karatasi neno aliloitwa likamuuma, bila jina lake. Tunaliandika ubaoni, halafu tunalijibu kwa mstari mmoja. Kazi ndogo. "Msukuma mshamba" tukalijibu. "Mtoto wa machimbo hana baba" tukalijibu. Watoto wakapiga madawati, nikajiona mtu.

Karatasi ya tatu Mwalimu akaifungua, akaandika ubaoni: *Macho mekundu ya bibi, dhahabu imekimbia.*

Huo mstari ni wangu. Niliutunga mwaka jana, duara letu, yaani lile shimo letu, lilipokaa miezi mitatu linatoa udongo tu. Tulikuwa tunavuta kamba ya ndoo za udongo, mmoja anaimba, wengine wanaitikia "bibi toka". Mganga alishasema kuna bibi mchawi ametufunga, na huku kwetu macho mekundu ndiyo alama ya mchawi. Sikutaja jina. La nini? Bibi mwenye macho mekundu pale machimboni alikuwa mmoja, Bibi Mageni, muuza matobolwa, vile viazi vikavu. Mtu akarekodi na simu, wiki mbili tu ipo kwenye spika za bodaboda wote. Nani katunga, nje ya duara hakuna aliyejua, na wale wa duara wameshatawanyika.

"Mwalimu, hilo siyo tusi," Bujiku wa dawati la nyuma akasema. "Hiyo ni nyimbo, tena kali!"

Akaianzisha. Darasa zima likaitikia na makofi juu. Msichana mmoja tu wa mbele, jina lake Sikujua, alikuwa kainamisha kichwa.

Na mimi mjinga, badala ya kunyamaza, sikio likaniuma. Walikuwa wanakiharibu kiitikio.

"Siyo hivyo," nikasema. "Siyo 'bibi toka' fupi. Ni 'bibi tokaaa', mnavuta, maana hapo ndiyo ndoo inapanda."

Ndoo? Kwenye ile ya simu hakuna ndoo yoyote, ya ndoo anaijua aliyekuwepo shimoni.

Mwalimu akaweka chaki chini taratibu.

"Ngusa. Ni wewe?"

Mdomo ulishatangulia, ningeurudishaje?

"Ni mimi."

Sikujua akasimama. "Karatasi ni yangu. Bibi Mageni ni bibi yangu." Hakulia. Ningeshukuru angelia. "Walipiga mawe bati letu huku wanaimba hiyo. Saa hizi yuko Kagongwa kwa mjomba, na huko nako imefika, hatoki nje. Kaka, ulikuwa unamjua?"

"Nilikuwa nanunua matobolwa kwake."

"Ulikuwa unamsalimia?"

"Kila siku. Nasema shikamoo, ananiambia marahaba mjukuu wangu."

Mtoto mmoja akaguna. Sijui nani.

"Na macho yake, ulifikiri ni ya nini?"

Hapo ningeweza kumsingizia mganga. Lakini bibi yangu mimi, kule vijijini Shinyanga, alikuwa anapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe, maana kuni hakuna. Moshi ulimla macho yakawa kama nyanya. Na mimi ndiye nilikuwa nampulizia ule moto.

"Ya moshi," nikasema.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Bujiku alikuwa anaangalia sakafu.

"Jumamosi naenda Kagongwa," Sikujua akasema. "Twende. Umwambie hivyo hivyo, kwamba ulikuwa unajua. Useme majirani wasikie, ili atoke nje."

Nilitaka kusema twende. Neno dogo tu. Nikauona uwanja wa huko kwa mjomba, watu wamejaa, bibi anachungulia mlangoni na kanga kichwani, ananitambua.

"Nitamtungia nyimbo," nikasema. "Ya kumsafisha. Naipeleka kwa bodaboda wote, wiki moja tu utaisikia kila..."

"Sijakuomba nyimbo."

Akasubiri. Na mimi nimewahi kushuka mita sitini chini ya ardhi kwa kamba, natukana na kucheka, lakini pale mbele ya mtoto wa darasa la sita nikabaki naangalia vidole vyangu.

Akachukua begi lake, akageuka, akatoka.