Picha ya Ufunguo wa Mkunga

Mama yangu anasafisha nyumba za watu, na kwa kuwa wenye nyumba hizo huwa kazini wakati anafika, anatembea na funguo zao. Ni tisa, zote kwenye pete moja ya chuma, na kila mmoja una uzi wa sufu wa rangi yake. Hakuna jina, hakuna namba ya nyumba. Uzi upi ni wa mlango upi, anajua yeye na Mungu wake. Asubuhi akitoka na ile pete inalia kiunoni, nilikuwa namwamkia hivi:

"Shikamoo askari jela. Wafungwa wameamkaje?"

"Marahaba. Wote wameamka, kasoro mmoja. Yeye analala mpaka saa nne na soksi zake hazijui maji."

Mfungwa huyo ni mimi. Mtaani wananiita Redio, kwa sababu sizimiki. Nilimaliza sekondari mwaka juzi, nangojea kazi, na kazi nayo inaningojea mimi. Hakuna anayetaka kuanza kumsalimia mwenzake.

Ufunguo wa uzi wa bluu ulikuwa wa Mkunga. Huyu ni bibi mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa wetu, mimi nikiwemo, na sasa anaishi peke yake na goti moja lililogoma. Ufunguo wake ulikuwa umelika meno kwa uzee, mpaka uuzungushe mara tatu nne ndipo kitasa kikubali. Akamwomba mama amchongeshee mwingine, na mama akanituma mimi.

"Nenda kwa fundi wa funguo pale sokoni," akaniambia. "Usimwachie ukaenda kuzurura. Simama hapohapo, macho kwenye mashine, mpaka wa zamani na mpya zote ziwe mkononi mwako. Wala usimtajie mtu ni wa nyumba gani."

"Mama, huu ni ufunguo au ni hati ya urithi?"

"Redio, funga matangazo uende."

Nikaenda. Kwa fundi kulikuwa na foleni ya watu saba, na fundi mwenyewe, mzee wa miwani iliyofungwa kamba, alikuwa anafanya kazi kama anayechonga meno ya mfalme. Zamu yangu ilipofika aliugeuza ule ufunguo, akautazama, akanitazama.

"Wa nani huu?"

"Wa nyumbani."

"Kitasa cha aina hii hakiwekwi siku hizi. Nyumbani kwenu ni kwa mzee gani? Mwenyewe anajua kama uko hapa?"

Kabla sijajibu, jamaa mmoja nyuma yangu akadakia, "Fundi, usimhangaishe. Uso wenyewe huo ni wa kupitia dirishani, ufunguo atauweza wapi?"

Foleni nzima ikacheka. Sasa mimi ni mtu wa kuchekesha watu, sijazoea kuwa ndiye kichekesho. Nikaupokonya ufunguo. "Basi, nitarudi."

"Rudi na mkubwa wako," fundi akasema, bila ubaya wowote. Lakini siku ile niliuona ubaya.

Nyumbani nikakumbuka tangazo nililoliona kwenye simu: unaweka ufunguo juu ya karatasi nyeupe, unapiga picha pande zote mbili, unatuma, wanakuchongea na kukuletea mpaka mlangoni. Hakuna foleni, hakuna mzee wa miwani. Nikachana karatasi ya daftari, nikapiga picha, nikajaza fomu. Mahali pa anwani nikaandika kwa Mkunga moja kwa moja, nikiwaza bibi atakavyoletewa ufunguo na pikipiki kama waziri. Kulikuwa na nafasi ya maelezo kwa dereva. Nikaandika: "Ni bibi mzee, anaishi peke yake, mpigie hodi kwa sauti."

Mama aliporudi nikamwambia fundi ameishiwa funguo za aina ile, mpaka wiki ijayo. Akauamini uongo wangu, akaurudisha wa bluu kwenye pete.

Ningeishia hapo ningekuwa mwongo wa kawaida tu. Lakini mimi kichekesho nikikaa nacho peke yangu nawashwa mwili mzima. Nikapiga picha ya skrini, ile fomu yote ilivyo, nikaitupa kwenye kundi letu la tuliosoma pamoja, watu sitini na watatu, na maneno haya: "Wazee, bado mnapanga foleni kwa mafundi wa tupa? Mwenzenu ufunguo unamjia na pikipiki."

Vicheko vikamiminika. Nikajilaza kitandani nikivihesabu.

Baada ya nusu saa akaingia mwenzetu tunayemwita Wakili, kwa sababu anabishana hata na saa ya ukutani. Naye alitupa picha yake ya skrini. Ilikuwa fomu kama yangu, na ndani yake ule ufunguo wa kwenye picha yangu, kila jino mahali pake, ila anwani ilikuwa ya kwake. Chini kaandika: "Nimeagiza na mimi, Redio. Ijumaa niko kwa bibi nakunywa chai. Si umesema yuko peke yake?"

Vicheko mara mbili ya vyangu. Na mimi nikacheka, nikaandika "hahaha" ndefu, kisha katikati ya zile "ha" nikaacha kuandika. Nikaifungua tena picha yangu nikaisoma kama mtu mwingine. Juu, ufunguo. Katikati, mtaa na namba ya nyumba. Chini, kwa maneno ya ujuaji wangu mwenyewe, kwamba ndani hamna mtu isipokuwa mzee.

Wakili akaniandikia pembeni: "Mimi nimeifuta oda, nilikuwa nakutania. Lakini hao wengine siwasemei. Toa hiyo picha, ndugu yangu."

Nikaitoa. Watu hamsini na mmoja walikuwa wameshaiona.

Siku tatu zilizofuata sikumsalimia askari jela. Mama akaniuliza kama naumwa. Mchana nilikuwa naenda kusimama ng'ambo ya nyumba ya Mkunga, nautazama mlango kana kwamba macho yangu ni komeo. Siku ya pili jirani yake mmoja akanifokea, "We kijana, unachunguza nini hapo?" Nikasema namsubiri mtu. Akaniangalia hadi nikapotea kwenye kona. Alichokifikiria kuhusu mimi hakikuwa mbali na ukweli.

Jumamosi mama alirudi kutoka kwa Mkunga na bahasha ndogo. Akaiweka mezani mbele yangu.

"Imeletwa kwa Mkunga, na yeye hakuagiza kitu. Ndani kuna ufunguo. Tumeujaribu, unafungua mara moja tu. Fundi wa sokoni siku hizi anatuma kwa pikipiki?"

Alikuwa anauliza kweli. Uso wake ulikuwa na swali tu, hauna mtego. Ningesema "ndiyo" angekubali, tungekula, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikamwambia yote: fundi, foleni, picha, kundi, Wakili.

Hakupandisha sauti. Alivuta ndoo yake ya kazi, akaipindua, akaikalia.

"Mtaa uliuandika?"

"Niliuandika."

"Na namba ya nyumba?"

"Na namba."

"Na kwamba anakaa peke yake?"

Nikaitikia kwa kichwa. Redio imekata mawimbi.

"Inuka," akasema. "Utamwambia wewe. Mimi nitakuwa nimesimama tu."

Mkunga alikuwa kwenye kiti chake, mguu mbovu juu ya kigoda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona uso kama umelambishwa dawa ya minyoo?"

Nikasema. Nilipofika kwenye yale maelezo ya dereva nilitaka kuyaruka, mama akakohoa, nikayasema. Mkunga alitazama dirisha, akatazama mlango, kisha akageukia vile vitu vyake, kabati, redio ndogo, picha ya marehemu mumewe, kimoja kimoja, kama anayehesabu wageni.

"Watu sitini na watatu," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Nimekaa humu miaka thelathini na moja. Hawajawahi kuingia humu watu sitini na watatu."

Nilitamani anipige na fimbo. Badala yake akamwuliza mama kwa sauti ya chini, "Utakaa na mimi mpaka kitasa kibadilishwe?" Nikagundua kwamba anaogopa. Mwanamke aliyenitoa tumboni kwa mikono yake, anaogopa kubaki nyumbani kwake, na aliyemtia hofu hiyo ni mimi.

Fundi alikuja jioni ileile, yule yule wa miwani ya kamba. Alinitambua. Alifungua kisanduku chake akaanza kazi, na mimi nikamshikia taa ya simu. Alipomaliza alimkabidhi Mkunga funguo tatu mpya. Mkunga akampa mama mmoja.

"Wewe utaingia kama siku zote, mwanangu. Ila huyu asi—"

"Hataushika," mama akamkata kauli. Alisema haraka, kama mtu anayelipia kitu kabla hajaombwa.

Nilifikiri yameishia hapo. Jumatatu mama akavaa nguo zake za kutokea, akachukua pete.

"Unaenda wapi?"

"Kwa wale wanane."

"Lakini mama, funguo zao sikuzipiga picha!"

"Walinipa mimi. Mimi ndani ya nyumba yangu nina wewe, na wao hawakujua. Wana haki ya kujua."

Akazunguka milango minane, akaeleza mara nane kwamba mtoto wake ni mtu wa namna gani. Sita wakamwambia mama, usijali, tunakufahamu. Wawili wakamshukuru sana kwa ukweli wake na wakazichukua funguo zao.

Nimeshaomba msamaha mara nyingi, na kila mara anajibu, "Yameisha, baba," na ninaona kwamba anataka yaishe kweli. Anapika, ananitania kuhusu soksi. Jana tulicheka hadi akafuta machozi. Kisha akachukua taulo na sabuni kwenda kuoga, akafika mlangoni, akasita, akarudi mezani, akaichukua ile pete ya funguo na kuiviringisha ndani ya taulo aende nayo, taratibu, isilie.

Akainua macho akakuta namwangalia. Aliyetazama chini kwanza ni yeye, kana kwamba ndiye aliyefumaniwa.

"Maji yatapoa, mama," nikamwambia.