Kumpasha Moto Bi Mkubwa

Fundi wa jenereta alizidharau paneli za sola kabla hata hazijashushwa kwenye lori. Alisimama mlangoni pa kibanda chake, mikono imejaa grisi, akasema kwa sauti ya kusikika: "Vioo! Wametuletea vioo vya kujitazamia."

Machimbo yale ya mawe yalikuwa mbali mno na nguzo ya mwisho ya umeme. Kwa miaka kumi na tisa kila kitu pale, kuanzia mashine ya kusaga kokoto hadi birika la chai la meneja, kiliendeshwa na jenereta moja ya dizeli. Fundi aliiita Bi Mkubwa. Mkewe nyumbani naye aliiita hivyo hivyo, ila kwa sababu zake.

Sasa sola na betri zake zingebeba kazi, na Bi Mkubwa angekaa akiba, aamshwe jua likikosekana tu. Meneja, bwana mwenye kofia ya kazi isiyojua vumbi, alimwambia wazi: "Mzee, tutaangalia msimu ujao wa mvua. Tukivuka bila kumhitaji, anaondoka, nawe unapumzika."

Kupumzika! Mtu anayejua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu akapumzike, halafu kazi ashike nani? Mkwe wake. Maana fundi wa sola aliyeletwa, kwa mikosi ya dunia, ndiye aliyemwoa binti yake: bwana mpole wa mashati ya pasi, kazi yake kugusagusa kioo cha simu.

"Fundi gani asiyechafuka?" alimuuliza mkewe. "Hata harufu ya kazi hana."

"Afadhali," mkewe alijibu. "Wewe harufu yako inatangulia kufika."

Basi kila asubuhi, kabla wenzake hawajafika, alimwasha Bi Mkubwa. Hakumpa mzigo wowote, alimwacha angurume bure saa nzima, eti asije akapoa akasahau kazi. Kwa akili yake alikuwa anamtunza. Alimtunza hivyo miezi mitano.

Mkwe aliona kwenye simu yake jinsi saa za injini zilivyokuwa zikiongezeka. Siku moja akaja, akasimama nje ya kibanda, mikono nyuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jua limekufukuza?"

"Hapana, baba. Nilikuwa nasema... injini ya dizeli ikizunguka bila mzigo haipati joto la kutosha. Dizeli haiungui yote, masizi yanajaa ndani. Labda..."

"Labda?" Fundi alicheka hadi akakohoa. "Mkwe, wewe ulikuwa unanyonya wakati mimi nafungua na kufunga injini. Nenda kapanguse vioo vyako."

Mkwe akaenda kupangusa. Utabishanaje na baba wa mkeo?

Mvua zikaja na hasira zake. Siku ya nane ya mawingu mazito, saa sita mchana, betri zilikuwa zimeshuka na maji ya shimoni yalikuwa yamekaribia injini ya mtambo wa kuchimbia. Pampu ya kuyavuta maji hayo ikizima, mtambo ungezama. Meneja alikuja mbio, kofia imelowa kwa mara ya kwanza. Wachimbaji wakajazana kibandani. Fundi alikuwa ameingoja siku hii kama bwana harusi, na hata ovaroli alivaa safi.

"Haya," alisema, "waiteni watu wa vioo waje wajifunze."

Akawasha. Bi Mkubwa akaitika papo hapo, na fundi akageuka kuwatazama watu wamwone. Kisha akainua swichi kumpa mzigo wa pampu. Injini ikakohoa, ikafuka moshi mweusi, ikatema mafuta mazito kwenye bomba la moshi, ikazima. Akawasha tena, ikazima. Mara ya tatu haikuitika kabisa.

Mkwe akaenda kwenye swichi kuu. Alikata umeme wa ofisi, wa karakana na wa mashine ya kokoto, akaiachia pampu peke yake chaji iliyobaki. Pampu ikavuta.

"Imekuwaje hii?" meneja alifoka.

"Mashine imezeeka tu, bosi," mkwe akawahi kujibu, macho chini. "Si kosa la mtu."

Fundi alimtazama. Amehurumiwa! Na mtu wa mashati ya pasi! Angeweza kunyamaza, astaafu na heshima zake. Lakini injini yake kusingiziwa uzee mbele ya watu, hilo lilimshinda.

"Hajazeeka," alisema. "Alikuwa mzima. Nimemjaza masizi mimi, kila asubuhi. Huyu aliniambia, nikamcheka. Nami nichekeni."

Meneja peke yake ndiye aliyecheka.

Fundi alichomoa ufunguo wa kibanda mfukoni, akamkabidhi mkwe wake.

"Mfungue, umsafishe," alisema. "Kisha umpe kazi nzito. Bila kazi anakufa."