Mguu Mwekundu Sakafuni

Niliota usiku wa jana nimepiga hodi kwenye tundu la sauti la amplifaya ya mume wangu, na sauti ya kike ikanijibu karibu, vua viatu.

Nilivua. Sikuona ajabu kwamba nimepungua hadi kuwa na urefu wa njiti ya kiberiti. Kilichonitia wasiwasi ni kingine. Mimi na Mihambo tuna miaka kumi na tisa katika kibanda chetu cha kutengeneza redio hapa Tabora, na hakuna hata siku moja ambapo mmoja wetu amefungua kazi ya mwenzake. Mimi nikimaliza kufunga chombo natia rangi ya kucha juu ya skrubu. Yeye anatia nta ya nyuki. Ukikuta rangi au nta, unapita mbali. Wengine hutunza ndoa kwa vitenge, sisi tumeitunza kwa skrubu.

"Sijafungua kitu," nikasema kabla sijaulizwa. "Nimepita tundu la wageni."

"Tumeona," akasema valvu, mmoja wa zile taa za kioo zinazokuza sauti. Alikuwa mama mtu mzima, wa kioo kitupu, na tumboni mwake mnawaka rangi ya chungwa. "Sema shida yako, mwanangu."

Nikamweleza. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa tuliunda amplifaya mbili za valvu, moja yangu na moja yake, na tangu hapo zimepiga muziki kwenye ukumbi wa wastaafu wa reli, kila moja na spika yake. Mwezi huu wastaafu wamepata spika moja kubwa kama kabati, wanataka amplifaya zote mbili ziiendeshe kwa pamoja. Kazi hiyo ina kanuni yake. Sauti inayoingia kwenye amplifaya ya pili inageuzwa kwanza, ili moja ikisukuma nyingine ivute, na spika inakwenda na kurudi kati yao kama msumeno wa wapasua mbao. Tumeunganisha. Tumewasha. Kimya. Kila moja ikiwa peke yake inaimba vizuri, zikiwa pamoja zinakuwa bubu. Bi Zaituni, katibu wa ukumbi, amesema zisipolia Jumamosi saa sita mchana zinakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Na Jumamosi ni kesho," nikamaliza. "Nimekagua yangu mara saba."

"Na hii yetu?"

"Hiyo ni ya Mihambo."

"Ahaa," akasema valvu, na wenzake wote watatu wakaangalia pembeni kama watu waliosikia majirani wakigombana.

Akaniruhusu nipite, ila kwa mkono mmoja. Hiyo ni sheria ya umeme mkali: mkono wa kulia unafanya kazi, wa kushoto unakaa mfukoni, usije ukajiua kwa mikono yako miwili. Nikautia mfukoni. Baadaye nilipotaka kujikuna nikautaka utoke, ukakataa. Ukasema umeajiriwa huko.

Natembea. Sakafu ni bati la chasisi, halafu si bati tena, ni daraja la mbao, na chini yake unapita mto wa maji ya joto. Katikati ya daraja ameketi mtu mnene mwenye kifua cha karatasi nyeusi. Ni spika. Kulia kwake amesimama valvu mmoja wa amplifaya yangu, kushoto amesimama mmoja wa Mihambo, na wote wawili wamemwekea mikono mbavuni.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Samahani, siwezi kukugeukia."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nasukumwa. Huyu akinisukuma na yule ananisukuma. Huyu akinivuta na yule ananivuta. Hapa nilipo nina nguvu ya kung'oa paa, lakini sina pa kwenda."

Nikawauliza wale valvu ni nani kati yao anayekosea. Walikuwa wanavuja jasho, lakini kwa adabu. Wakajibu pamoja kwamba kila mmoja anafuata alivyoagizwa nyumbani kwao. Nikapiga moyo konde, nikaufuata waya wa kushoto, ule wa upande wa mume wangu.

Waya ulinifikisha kwa Transfoma. Amekaa kitini kama diwani, amevaa soksi moja nyekundu na moja nyeusi. Mguu mwekundu ameukanyagisha kwenye bati. Mguu mweusi ameuinua, ameuegesha kwenye nati inayokwenda kwa spika. Nikamtazama mpaka akaona haya.

"Wangu anakanyaga bati kwa mguu mweusi," nikasema.

"Wako amesoma kwingine," akajibu. "Aliyenifunga mimi alifundishwa na mjomba wake kufunga redio kwenye malori ya zamani. Kwenye malori yale waya mwekundu ndio uliofungwa kwenye bodi, yaani bati la gari. Mkono wake haujasahau."

Hapo nikaelewa, na nikajisikia mjinga kuliko siku zote za maisha yangu. Sauti iligeuzwa mlangoni kama kanuni inavyotaka, halafu mume wangu akaigeuza tena kwenye njia ya kutokea bila kujua. Ikiwa peke yake, nani angegundua? Sikio halijui kama karatasi ya spika imeanza kwenda mbele au nyuma. Kwa miaka kumi na tisa nimesikia habari za malori ya mjomba, naitikia huku napepeta mchele.

"Badilisha miguu, tafadhali."

"Siwezi bila ruhusa ya mwenye nta."

Kufumba na kufumbua bati limekuwa barabara ya vumbi, na lori kuukuu linakuja kwa kasi. Mihambo yuko kwenye usukani, amevaa pajama. Nasimama katikati ya barabara, mkono mmoja juu na mmoja mfukoni. Lori linasimama vidole vitatu kutoka puani kwangu.

"Mama Kalunde," akasema kwa utulivu, "umepotea?"

"Baba Kalunde, kosa liko kwenye yako."

Lori likazima lenyewe.

"Hakuna lori lililowahi kunilalamikia," akasema.

"Najua. Na mimi sijawahi kulalamika. Nimekagua yangu mara saba kwa sababu naogopa kukagua yako hata mara moja. Naogopa nikikuta kosa utanuna, na naogopa zaidi kwamba hutanuna, utaumia. Lakini zile mbili tulizizaa kabla ya Kalunde. Siwezi kuziona zinapimwa kwenye mzani wa vyuma chakavu kwa ajili ya heshima ya skrubu."

Akafikiri. Wale valvu wanne walikuwa wamejipanga kando ya barabara, wanasikiliza bila aibu. Mihambo akashuka, akapangusa mikono kwenye pajama, akamwambia Transfoma, "Bwana, badilisha miguu."

Transfoma akashusha mweusi, akainua mwekundu. Hakuchukua hata dakika moja.

Na sasa tuko ukumbini, mchana kweupe. Valvu wa kulia anasukuma, wa kushoto anavuta. Yule mtu mnene anavuta pumzi yake ya kwanza mwezi huu, kisha anafungua kifua. Vioo vya madirisha vinapiga makofi. Wastaafu wanainuka, wenye fimbo wanaziacha kwenye viti na fimbo nazo zinacheza. Mnunuzi wa vyuma chakavu anacheza na mzani wake. Bi Zaituni anashikilia miwani kwa mikono miwili, anasema kwa sauti ya kikao kwamba agenda imefungwa. Mkono wangu wa kushoto unatoka mfukoni wenyewe na kuomba kucheza. Nilikuwa na furaha ya kupasuka.

Nikaamka kumekucha. Mihambo alikuwa mezani, anazitazama amplifaya zote mbili huku ameshika tama. Chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya kilikuwa kimetundikwa ukutani, baridi.

"Baba Kalunde," nikasema, "naomba tufungue yako."

Alichukua kisu, akakwangua nta yake mwenyewe, skrubu moja baada ya nyingine, akafunua. Waya mwekundu ulikuwa kwenye nati ya spika. Mweusi ulikuwa kwenye bati, mahali pake.

Akainama kuangalia. Akagusa pale ulipoungwa mwekundu, akarudisha kidole haraka na kukitia mdomoni. Risasi ilikuwa bado ya moto.

"Siku nyingine ukitaka kunisimamisha," akasema bila kunitazama, "usisimame katikati ya barabara. Lori lile halina breki."