Gauni la Ukili

Biasha alilitia gauni kwenye kiroba cha mchele, na kiroba akakipakata mwenyewe kutoka Kibiti hadi Ruaruke. Remigius, mpiga picha, alijitolea kumpokea, maana bajaji ilikuwa inaruka mashimo na Biasha alikuwa ameshikilia pia pasi ya mkaa, mwavuli na mfuko wa vipodozi. Akamwambia ahsante, si kizito. Warda, binti wa jirani aliyekubali kuvaa na kupigwa picha, akaomba basi angalau alichungulie. Akajibiwa kwamba atalichungulia likishakuwa mwilini mwake.

Tusimseme haraka. Mwaka uliopita Biasha alibuni gauni la khanga lenye mikono ya marinda, akajipiga picha mbele ya kibanda chake cha ushonaji karibu na stendi, akairusha kwenye kundi la mafundi la WhatsApp kwa furaha zake. Hata hajapata mteja wa kwanza, gauni lile lile likaonekana limening'inia kwenye duka moja la Dar, limeshonwa ovyo, na mwenye duka anaapa kwamba lilimjia kichwani. Tangu hapo Biasha akawa mtu wa kufunga komeo mchana kweupe. Mteja akitoa simu kusoma ujumbe, yeye anafunika cherehani.

Na safari hii alikuwa na cha kufunika. Lilikuwa gauni refu la kaniki, jeusi tii, na kuanzia mabegani hadi kifuani limeungwa kwa ukili, ile mikanda ya miyaa wanayosuka wanawake wa huku na kuiunganisha iwe mkeka. Ukili wenyewe ulikuwa mweupe na mwekundu, umesukwa ukalainika. Dar kulikuwa na maonyesho ya wabunifu wapya, na waandaaji walitaka waone picha kwanza. Picha zikiwapendeza, Biasha anaitwa jukwaani. Gauni likionekana kwingine kabla ya hapo, ndiyo basi tena, arudi kupunguza suruali za watu stendi.

Ukili huo aliusuka shangazi yake, Bi Mwanawetu, na ni nyumbani kwake Ruaruke walikokuwa wanakwenda. Picha Biasha alikuwa amezipangia ukuta wa udongo wa shangazi, uwanja uliofagiwa, na nyuma yake mpunga ulioanza kubadilika rangi. Kila kitu alikuwa amekipanga isipokuwa Sabra.

Sabra alikuwa binti wa Bi Mwanawetu. Mtoto wa shangazi, kwa hiyo mtani, na mtani huku si mtu wa kuchezea. Ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakweo, kukupokonya kitu chako na kukishikilia mpaka ukikomboe kwa soda au kwa kuku, na wewe ukinuna unaonekana huna adabu. Siku Biasha alipoolewa, Sabra alikwenda kuukalia mkeka wa bibi harusi, akagoma kunyanyuka mpaka mashehe wakachanga. Biasha alicheka hadi wanja ukamchuruzika. Hakuwa na dada wa kuzaliwa naye. Alikuwa na Sabra, na matusi ya Sabra.

"Kiroba gani hicho unakipakata?" Sabra aliuliza hata bajaji haijazima. "Umezaa kimyakimya?"

"Hayakuhusu, jicho la chura."

"Mama, njoo umwone mjukuu wako! Amezaliwa na nembo ya mchele!"

Bi Mwanawetu akatoka na mwiko mkononi, akapokea shikamoo za wageni, akacheka. Biasha hakucheka. Alikuwa ameshatoa ndoo ya plastiki yenye mfuniko.

"Simu zote humu," alisema. "Mtazichukua tukimaliza."

Warda akatumbukiza yake shingo upande. Remigius akatumbukiza na yake, akauliza kama na kamera nayo iingie ndooni, ili wapige picha kwa macho. Biasha akamgeukia Sabra.

"Hata mie?" Sabra aliuliza.

"Hata wewe."

"Mie mwenye nyumba?"

"Sabra, lete simu."

Sabra akaileta, akaiweka ndooni taratibu. Kicheko kilikuwa bado usoni pake, ila kilikuwa kimekaa peke yake, macho hayamo. Biasha aliliona hilo na akalipita. Alikuwa na kazi.

Na kazi ilikwenda kwa roho juu. Alimpaka Warda mafuta mabegani, akamfunga kilemba cha kaniki, akamsimamisha ukutani na kumwinua kidevu. Warda akitabasamu, Biasha anamkataza, eti kifua kikicheka ukili unapinda. Remigius akipiga, Biasha anakimbilia nyuma ya kamera kuangalia, kisha anamwangalia Remigius mwenyewe, mikono yake, mifuko yake. Alipomwona anabadilisha betri alimsogelea kama askari wa mgambo.

"Dada, hii ni betri," Remigius akasema. "Haina picha."

"Nimekuuliza?"

"Mwache basi binti apumue. Kila picha kasimama kama mchi."

Hapo ndipo Biasha alipoliona gari. Dogo, jeupe, limeegeshwa ng'ambo ya jaruba la mpunga, karibu na kijiwe cha bodaboda. Kando yake alisimama mwanamke wa mjini, miwani ya jua usoni, ameelekea kwao. Na Sabra, aliyekuwa hapo uwanjani sasa hivi, alikuwa kule anazungumza naye, anaonyesha kidole upande wa nyumba.

Aliporudi, Biasha akamdaka.

"Yule nani?"

"Mnunuzi wa mikeka. Wa mama."

"Mbona anatazama huku?"

"Kwa kuwa ana macho."

"Ulikuwa unamwonyesha nini?"

Sabra akamtazama. "Nilikuwa namwonyesha mpumbavu mmoja mwenye ndoo," akasema, akaenda zake jikoni.

Lilikuwa jibu la kawaida kabisa la mtani. Siku nyingine yoyote lingemchekesha. Siku hiyo Biasha alilitafuna: mnunuzi wa mikeka, sawa, lakini ukili ni nini kama si mkeka? Nani angeutambua upesi kuliko mnunuzi wa mikeka? Na nani aliyekuwa anajua siku ya picha, zaidi ya waliokuwa hapo uwanjani?

Jua lilipokuwa kali mno kwa picha, Warda akavuliwa gauni, likatundikwa chumbani kwa shangazi. Biasha akaweka kiti mlangoni akakikalia. Remigius alijilaza barazani na kamera tumboni. Harufu ya samaki wa nazi ikajaa nyumba, na Bi Mwanawetu akaita kutoka jikoni:

"Biasha mwanangu, njoo unionjee chumvi. Mie siku hizi ulimi wangu hauna kazi."

Shangazi akikuita hukatai. Biasha akaenda, akalamba mchuzi kiganjani, akasema chumvi inatosha. Hakuwa amemeza vizuri aliposikia kigelegele nyuma ya nyumba.

Ni Sabra. Amelivaa gauni, miguu peku, kichwa wazi, amelinyanyua pindo kwa mikono miwili. Alikuwa ametokea dirishani.

"Gauni nimelichukua!" alipiga kelele. "Likombolewe kwa kuku! Soda sitaki, soda wapeni watoto!"

Akachomoka mbio juu ya tuta la jaruba, mpunga huku na huku, kaniki inapepea nyuma yake. Bi Mwanawetu alicheka mpaka akajishika kiuno. Warda alicheka. Remigius alikwisharuka barazani, jicho kwenye kamera, anafyatua. Mtu yeyote wa Ruaruke angeona kinachoendelea hata angekuwa usingizini: mtani kaiba, mtani afukuzwe, gauni likombolewe, watu wale kuku.

Lakini tuta lile lilikuwa linaelekea barabarani. Biasha aliliona gari jeupe, mlango wa nyuma uko wazi, mwanamke wa miwani amesimama kando. Yote aliyokuwa ameyatafuna tangu asubuhi yakamrudia mdomoni.

Na alijua. Hilo lisemwe waziwazi, asitafutiwe udhuru. Alijua kabisa kwamba ule ni utani, alikuwa amekua nao. Akajaza pumzi kifuani na kupiga yowe:

"Mwizi! Mwizi wa gauni! Mshikeni!"

Neno hilo kwenye kijiwe cha bodaboda halirudiwi mara ya pili. Vijana waliinuka kama waliopigwa filimbi. Wawili watatu walikuwa wenyeji, wakasita. Wengine walikuwa wa kuja, hawakumjua Sabra wala mama yake. Sabra aliwakimbilia akicheka, akidhani nao wamo kwenye mchezo. Wa kwanza alimpiga mtama. Wa pili alikuwa na fimbo.

Biasha hakumbuki alivyolivuka jaruba. Alijikuta amelala juu ya Sabra, vumbi mdomoni, fimbo imempata yeye mgongoni.

"Mwacheni! Si mwizi! Ni mtani wangu! Mtoto wa shangazi yangu!"

Kijana wa fimbo akahema, akamtazama kwa chuki.

"Mama, amua moja," akasema. "Ni mwizi au ni mtani? Tungemuua huyu."

Mwanamke wa miwani alikuwa ameshika mikeka miwili iliyoviringwa. Kiti cha nyuma kilijaa mikeka. Mlango aliuacha wazi kwa sababu alikuwa anapakia.

"Jamani, mimi nimefuata mikeka ya Bi Mwanawetu," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Huyu dada ndiye aliyenionyesha nyumba, basi."

Sabra alikaa chini akajishika mdomo. Damu ilimpita vidoleni ikadondokea kwenye ukili, na bega moja lilikuwa limefumuka. Hakulia. Akanyanyuka akarudi nyumbani kwa lile lile tuta, akaingia chumbani, akatoka amevaa dera lake, na gauni amelikunja vizuri. Akaliweka juu ya kiti cha Biasha, akachukua simu yake ndooni.

"Neno lile, mwanangu," Bi Mwanawetu alimuuliza Biasha, sauti imemkauka, "umelitoa wapi?"

Wageni waliandaliwa chakula kama heshima inavyotaka, lakini Bi Mwanawetu hakukaa nao.

Picha zilikwenda Dar. Remigius alichagua nyingi za Warda ukutani, na katikati akachomeka moja ya Sabra, aliyoipiga kabla ya yowe: yuko hewani juu ya tuta, kichwa nyuma, anacheka kwa meno yote, kaniki imejaa upepo na ukili umekaa mabegani kama ulizaliwa hapo. Waandaaji wakapiga simu. Za ukutani hawakuzitaja kabisa. Walimtaka Biasha, walitaka ile picha kwenye tangazo, na ikiwezekana yule dada anayecheka aje avae jukwaani.

Biasha alipiga magoti kwenye vipande vya nguo kibandani kwake akamshukuru Mungu. Kisha akakumbuka itambidi aende Ruaruke.

Alimkuta Sabra anaanika nguo. Mdomo ulikuwa umepona, umebaki mstari mwembamba. Bi Mwanawetu alikuwa shambani.

"Karibu, dada Biasha," Sabra akasema. "Za Kibiti? Shemeji hajambo?"

Dada Biasha. Hivyo ndivyo alivyoitwa na Remigius, na wateja. Biasha akaeleza habari za simu, akaomba msamaha aliokuwa ameufanyia mazoezi njia nzima, ukamtoka vipandevipande. Sabra alisikiliza mpaka mwisho, mikono ameikunja mbele.

"Yamekwisha, dada. Picha itumieni tu. Kuja kuvaa ndiyo sitaweza, mniwie radhi."

"Nitukane basi," Biasha akasema. "Sabra, nitukane hata kidogo."

"Nikutukane kwa lipi, dada?"

Biasha akatazama huku na huku. Akaivuta khanga mbichi kambani, akageuza mgongo na kutimka nayo kuelekea barabarani.

"Khanga nimeichukua, jicho la chura!" alipiga kelele. "Njoo uikomboe!"

Alikimbia tuta zima, maji ya khanga yanamchirizikia miguuni, masikio ameyatega nyuma. Hakusikia hatua. Karibu na kijiwe alisimama, akageuka. Sabra alikuwa pale pale alipomwacha, kapu la nguo kiunoni.

"Chukua tu, dada," alisema kwa sauti ya kumfikia. "Ninayo nyingine."

Kisha akaendelea kuanika. Vijana wa bodaboda walimwangalia Biasha na khanga yake, na yule wa fimbo akageuzia uso pembeni. Biasha akarudi polepole, akaitandaza khanga kambani, akaibana ncha zote mbili, akasimama kidogo kando yake. Akaaga, akaitikiwa vizuri, akaenda kutafuta bajaji.