Mti Usio na Mpira

Hezron alikubali kwenda mlimani Ijumaa ile kwa sharti moja: wakirudi, neno lake liwe la mwisho.

Peris, mkewe, hakubisha. Alifunga chapati kwenye kitambaa, akawavisha watoto masweta ambayo kwenye joto la Jeddah yalikuwa yakilala tu sandukuni, akatia vitabu mkobani. Yeye ndiye aliyekuwa shule ya watoto wale, maana shule za kulipia zilikuwa mbali na uwezo wa dereva. Jioni alifagia zahanati. Asubuhi chumba chao cha mtaa wa Ghulail kiligeuka darasa, meza ya chakula ikawa dawati, na Maryann wa miaka tisa na Mitchelle wa miaka sita wakakatazwa kumwita mama mpaka adhuhuri. Walimwita mwalimu.

Sasa kampuni ilikuwa inamhamishia Hezron Riyadh kuanzia Januari. Huko angelala mtaa wa Shumaisi, chumba kimoja na wanaume watupu. Shauri lake alikuwa amekwisha kulikata: watoto waende nyumbani Nyamira kwa bibi yao, wasome shule yenye kengele na paredi, Peris abaki Jeddah, aingie kazi ya ndani kwa madam aliyekuwa akimtafuta tangu Ramadhani. Peris alitaka watoto wabaki naye.

"Njoo kwanza uone wanavyosoma," alimwambia. "Ukishaona, sema."

Basi wakaazima pikapu ya Lawrence, dereva mwenzake, wakapanda hadi mji wa Taif na kuupita, wakaelekea milima ya Shafa. Kule chini Novemba ilikuwa bado inatoa watu jasho. Huku juu upepo ulikuwa na meno. Nyani waliketi kando ya barabara wakiwangoja wenye mikate, na Mitchelle akawapungia mkono kama majirani.

Walipoegesha gari, Hezron alishuka akasimama. Mbele yake, katikati ya mawe, ulikuwa msitu wa mwangati, mti ambao watu wa kwao huuita sida na kuuchonga nguzo za ua. Alibandua uzi wa gome, akanusa. Penseli mpya. Miaka kumi na mmoja alikuwa amekula mchanga wa nchi hii, na kumbe mti wa kwao ulikuwa umesimama mlimani muda wote huo, hauna habari naye.

"Bwana Inspekta," Peris alisema, "darasa limeanza. Kaa pale kwenye jiwe, na usiwasaidie."

"Inspekta huletewa chai."

"Chai ni baada ya ripoti. Ukiandika vibaya, utakunywa maji."

Watoto walicheka. Peris akafungua kitabu chenye picha ya miti ya Ulaya, akaeleza kwamba kuna nchi ambazo majira haya majani hugeuka rangi na kudondoka. Maryann alitazama kitabu, akatazama mwangati.

"Mwalimu, na hii mbona haidondoshi?"

"Wewe unaonaje?"

"Majani yake ni membamba kama sindano. Labda hayachoki haraka."

Hezron alijikuta amesogea mbele kwenye jiwe lake. Jibu lile lilimpendeza, na kwa kuwa lilimpendeza, lilimuudhi.

Mitchelle hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameuzunguka mti mara mbili, kisha akapiga magoti na kuanza kufukua changarawe kwenye mizizi.

"Unatafuta nini, mama?" Hezron alimuuliza.

"Mpira."

"Umepoteza mpira?"

"Mpira wa maji, Baba. Ule mweusi."

Ilimchukua kitambo kuelewa. Kule mjini kila mti una mpira wake mweusi miguuni, unaodondosha maji mchana kutwa. Ukikatika, mti unakauka kabla ya wiki kwisha. Mtoto huyu alizaliwa huko. Mti usio na mpira hakuwahi kuuona.

"Huu hauna mpira."

"Basi nani anaumwagilia?"

"Mungu."

Mitchelle alifikiri. "Mungu ni wa kampuni gani?"

Hezron alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha kucheka, kwa kuwa mtoto hakuwa anatania. Alikuwa amesimama pale na mchanga viganjani, anangoja jina la kampuni.

"Mama Maryann," Hezron alisema, "umesikia mwanafunzi wako? Mjukuu wa mkulima wa chai. Anauliza mti unamwagiliwa na kampuni gani."

"Nimesikia."

"Sasa niandike nini kwenye ripoti?"

Peris alifunga kitabu. Akamgeukia, na kwa Kikisii, ili watoto wasishike yote, akamwambia kwamba mtoto hujua alichoonyeshwa, na kwamba miaka sita yote hii ndiyo mara ya kwanza baba mtu kuwaleta mahali penye mti. Hezron akajibu kwamba yeye alikuwa barabarani akitafuta unga. Peris akasema hata unga huliwa na watu wanaojuana. Waliendelea hivyo, kwa sauti ya chini na macho makali, kama watu wanaovutana shuka moja.

Maryann ndiye aliyewakata.

"Mitchelle yuko wapi?"

Mtini palibaki shimo dogo tu la changarawe.

Waliita. Waliita tena. Na wakati huo huo ukungu, ambao alasiri hupanda kutoka uwanda wa pwani wa Tihama, ukatokea ukingoni mwa mlima na kuingia msituni pasipo sauti. Mti wa mbali ukapotea, kisha wa karibu. Peris alimwingiza Maryann garini akamfungia, akakimbia upande wa barabara. Hezron alikimbilia chini.

Alijikwaa. Aliinama kuona kilichomwangusha. Ulikuwa mpira mweusi, mnene kama mkono wa mtu, umelazwa kati ya mawe na mwenye shamba fulani. Mitchelle alikuwa ameupata. Na kwa kuwa mjini mpira hukupeleka kutoka mti mmoja hadi mwingine, alikuwa ameufuata.

Hezron naye akaufuata. Mpira ulipita kwenye vichaka, ukazunguka mwamba, ukatoka mahali peupe. Hapo akamwona binti yake. Alikuwa ameukalia mpira kama anavyokalia farasi wa plastiki, pale ambapo mwamba uliishia na mpira kuning'inia kwenda chini. Miguu yake ilikuwa inapiga-piga ukungu.

"Baba, nimeuona," alisema bila kugeuka. "Unashuka huku. Huku kuna pamba nyingi."

Hezron hakuthubutu kumshtua. Alilala kifudifudi na kutambaa.

"Vizuri, mama," alisema. "Nionyeshe. Ngoja hapo hapo unionyeshe."

Akiwa hajamfikia, upepo uliupasua ukungu. Chini ya viatu vya Mitchelle hapakuwa na kitu. Mbali sana, mbali kupita akili, palionekana barabara nyembamba kama uzi, na kitu kinachotambaa juu yake, na kitu kile kilikuwa lori. Mtoto aliona. Mwili wake ukakauka, mikono ikashika mpira, na mpira ukaanza kuteleza polepole ukingoni.

Hezron alimshika sweta, akamshika nywele, akavuta vyote kwa pamoja. Walianguka nyuma kwenye mawe. Mitchelle hakulia. Alijificha uso kifuani mwake, na Hezron alikaa akiutazama ukungu ulivyojifunga tena, mweupe, laini, kama hakukuwa na shimo lolote pale.

Peris aliwakuta wanapanda, na Hezron akamweleza kuhusu ukingo. Alimchukua mtoto, akampangusa uso kwa kanga, akapanda naye garini. Chapati zilirudi zilivyokuja.

Walishuka kona nyingi. Watoto walipolala, Peris akasema:

"Umeshinda, Baba Maryann."

"Mimi sikusema kitu."

"Nimewafundisha mti wa kuchora. Ukingo sikuwafundisha, na ningewafundishia wapi, dirishani? Waende nyumbani. Wajue kuanguka wakiwa karibu na ardhi."

Hezron alishusha pumzi. Alitaka kusema neno la upole, kwamba bibi yao atawatunza, kwamba madam yule ni mtu mzuri.

"Nami nakwenda nao," Peris alisema.

Gari likayumba kidogo. "Unakwenda wapi?"

"Nyamira. Nikamalize kufundisha."

"Na kazi? Na mimi?"

"Wewe unakwenda Riyadh. Ulishakata shauri kabla hujaniuliza."

Alifungua kinywa ampinge. Alitaka kumwambia mtoto hafai kukaa mbali na mzazi, na kwamba nyumba ya watu wanne haigawanywi kama mkate. Lakini maneno hayo hayo Peris alikuwa amemwambia mwezi mzima, usiku baada ya usiku, na yeye ndiye aliyeyajibu yote, moja baada ya jingine, mpaka lisibaki hata moja la kumfaa yeye sasa.